Mwongozo wa Kuondoa Madoa ya Sinki kwa Bidhaa za Jikoni

Sinki la kuoshea vyombo na beseni la kunawia mikono hutumika kila siku tangu alfajiri hadi usiku, na kwa sababu hiyo ni miongoni mwa vifaa vya nyumbani vinavyoonesha madoa mapema. Weupe wa chokaa huzunguka koki, wekundu wa kutu hujichora chini ya bomba, na rangi ya chai hujikusanya pembezoni mwa tundu la kutolea maji. Mara nyingi anayesafisha hukimbilia dawa kali ya dukani, na isipofaulu humimina ya pili juu ya ile ya kwanza. Hapo ndipo hatari inapoanzia, kwa kuwa baadhi ya dawa za usafi zikikutana hutoa gesi yenye sumu.

Madoa mengi ya sinki hayahitaji dawa hizo. Siki, ndimu, ukwaju, chumvi, soda ya kuokea na magadi hutosha, mradi kila kimoja kitumike kwa doa linalokifaa na juu ya sinki linalokistahimili. Makala haya yanaeleza namna ya kutambua doa, kuchagua kiungo, kufuata hatua za usafi na kuepuka michanganyiko iliyo hatari. Yanaeleza pia ni wakati gani doa linakuwa ishara kwamba maji au mabomba yanahitaji kuchunguzwa.

Kutambua doa kabla ya kulisafisha

Hatua ya kwanza ni kutazama, wala si kusugua. Rangi ya doa, ugumu wake na mahali lilipo hueleza lilikotoka, na chanzo ndicho kinachoamua dawa yake.

*Doa jeupe au la kijivu, gumu na lenye kukwaruza kidole.* Hii ni chokaa itokanayo na maji magumu. Maji yanayopita katika miamba huyeyusha madini ya kalsiamu na magnesiamu, na matone yake yanapokauka juu ya sinki, maji huondoka na madini hubaki. Hali hii inafahamika kwa wakazi wa maeneo yanayotegemea visima, kikiwamo kisiwa cha Unguja ambako maji ya ardhini hupatikana katika miamba ya chokaa ya matumbawe. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa maji yenye ugumu unaozidi takriban miligramu 200 kwa lita huweza kujenga utando wa chokaa katika mabomba na vyombo. Njia rahisi ya kuthibitisha ni kudondosha tone la siki juu ya doa: likitoa mapovu madogo, doa hilo ni chokaa.

*Doa la kahawia au jekundu.* Hii ni kutu. Huenda imetoka katika mabomba ya chuma yaliyochakaa, katika kopo au waya wa kusugulia ulioachwa juu ya sinki lenye unyevu, au katika maji yenyewe. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, chuma kikizidi miligramu 0.3 kwa lita ya maji, huacha madoa kwenye nguo na vifaa vya maji. Maji ya kisima yenye chuma yanaweza kutoka bombani yakiwa maangavu na kubadilika rangi baada ya kukaa wazi kwa muda, kwa sababu chuma kilichoyeyuka hugeuka kutu kinapokutana na hewa.

*Doa la buluu au kijani.* Hutokana na shaba, kwa kawaida pale maji yanapokula mabomba ya shaba au viungio vya shaba nyeupe.

*Doa jeusi.* Likiwa juu ya uso wa sinki na mfululizo wake ukifuata njia ya maji, huenda ni madini ya manganizi. Likiwa kwenye mpira, kwenye ufa au kwenye kiungo kati ya sinki na ukuta, mara nyingi ni kuvu wanaostawi penye unyevu.

*Utando wa rangi ya waridi unaoteleza.* Hii ni koloni ya bakteria wanaopenda mahali penye unyevu na mabaki ya sabuni. Huondoka kwa kusuguliwa, lakini hurudi ikiwa mahali hapo hapakaushwi.

*Doa la kahawia lisilo na ugumu.* Hili ni la chai, kahawa au maganda ya matunda. Halina madini ndani yake, bali ni rangi ya mimea iliyoshika juu ya uso wa sinki au ndani ya utando mwembamba wa chokaa.

*Utando wa njano au kijivu unaonata.* Haya ni mafuta ya kupikia yaliyochanganyika na vumbi na mabaki ya chakula.

Kufahamu sinki limetengenezwa kwa nini

Kiungo kinachong'arisha sinki moja kinaweza kuharibu jingine. Kwa hiyo, jambo la pili la kuzingatia ni aina ya sinki.

Masinki mengi ya jikoni ya siku hizi ni ya chuma cha pua, ambacho ni mchanganyiko wa chuma na madini mengine yakiwamo kromiamu isiyopungua asilimia 10.5. Kromiamu hiyo hutengeneza utando mwembamba usioonekana unaokinga chuma kisishike kutu. Utando huo unastahimili siki na ndimu kwa muda mfupi, lakini huharibiwa na chumvi pamoja na dawa za klorini zinapoachwa juu yake kwa saa nyingi. Matokeo yake ni vitundu vidogo ambavyo haviwezi kuondolewa kwa kusugua. Waya wa kusugulia masufuria nao huacha chembe za chuma cha kawaida, na chembe hizo ndizo zinazoshika kutu na kumfanya mwenye nyumba adhani sinki lenyewe limeoza.

Beseni la kauri lina uso mgumu unaostahimili siki, ndimu na soda. Adui yake ni mchanga na vitu vyenye makali, kwa kuwa mikwaruzo huwa maskani ya uchafu. Sinki la chuma lililopakwa enameli hufanana na kauri kwa macho, ila tindikali likiachwa juu yake kwa muda mrefu huondoa mng'ao wake. Dakika chache zinatosha.

Masinki ya marumaru asilia, ya terazo na yale yaliyojengwa kwa saruji hayapaswi kuguswa na siki, ndimu wala ukwaju. Mawe hayo na saruji vina kalsiamu ileile iliyomo katika doa la chokaa, hivyo tindikali haliwezi kuchagua kati ya doa na sinki. Litavila vyote viwili. Kwa masinki ya aina hii itumike sabuni na soda ya kuokea pekee.

Sinki au beseni la alumini nalo lisisafishwe kwa magadi, kwani magadi huichubua alumini na kuipa rangi nyeusi.

Viungo na kazi zake

Siki ya mezani kwa kawaida ina takriban asilimia 5 ya asidi ya asetiki. Kiasi hicho kinatosha kuyeyusha chokaa. Inayofaa zaidi kwa usafi ni siki nyeupe, kwa kuwa siki ya rangi ya kahawia inaweza yenyewe kuacha doa. Asidi ya asetiki isiyozimuliwa si siki: huunguza ngozi na macho, na haifai kutumiwa kwa kazi hii.

Ndimu na limau vina asidi ya sitriki. Pamoja na kuyeyusha chokaa, asidi hiyo ina uwezo wa kushikana na chuma, na ndiyo maana ndimu huishinda siki katika kuondoa kutu. Si lazima kutumia ndimu nzima. Ganda lililokwisha kukamuliwa lina majimaji ya kutosha kusugulia eneo la koki.

Ukwaju una asidi ya tartariki. Katika nyumba za pwani umetumika kwa muda mrefu kung'arisha vyombo vya shaba, na kwa sababu hiyohiyo hufaa kwa madoa ya kijani yanayozunguka viungio vya bomba. Kokwa na nyuzi zinazobaki baada ya kutengeneza juisi hutosha kwa kazi hiyo.

Soda ya kuokea, ambayo jina lake la kikemia ni bikaboneti ya sodiamu, ni alikali dhaifu. Chembe zake ni laini kuliko uso wa kauri au wa chuma cha pua, hivyo husugua uchafu bila kukwaruza sinki. Ifahamike kuwa soda hii si sawa na hamira ya unga, ambayo huwa imechanganywa na tindikali na wanga.

Magadi yanayotumika kulainisha maharage na makande ni alikali yenye nguvu kuliko soda ya kuokea. Chimbuko lake ni maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, kama vile Ziwa Natron nchini Tanzania na Ziwa Magadi nchini Kenya. Yakiyeyushwa katika maji ya moto, magadi huondoa utando wa mafuta kwa haraka. Anayeyatumia avae glavu, kwani hukausha ngozi. Yasichanganywe kwa namna yoyote na kostiki soda ya kutengenezea sabuni, ambayo huunguza ngozi na inaweza kupofusha macho.

Chumvi ya mezani hutumika kama kisugulio pamoja na ndimu. Kwenye chuma cha pua isuuzwe mara kazi inapomalizika.

Hatua za kufuata kwa kila doa

Kabla ya yote, sinki lioshwe kwa sabuni ya kawaida na kusuuzwa. Tindikali haliwezi kuifikia chokaa iliyofunikwa na mafuta. Vifaa vinavyohitajika ni kitambaa laini, sponji au dodoki, mswaki uliokwisha kutumika na kitambaa kikavu.

*Chokaa.*
1. Kitambaa kilowekwe katika siki na kuzungushwa kwenye koki au kutandazwa juu ya doa, ili siki isitiririke na kupotea.
2. Kiachwe kwa dakika 15 hadi 30. Kwa enameli zisizidi dakika 5.
3. Eneo lisuguliwe kwa mswaki, kisha lisuuzwe kwa maji mengi.
4. Ikiwa chokaa ni nene, zoezi lirudiwe mara mbili au tatu badala ya kukwangua kwa kisu.

*Kutu.*
1. Chumvi kidogo inyunyizwe juu ya doa na kukamuliwa ndimu hadi ilowe.
2. Iachwe kwa dakika 10 hadi 15 kwenye chuma cha pua. Kwenye kauri inaweza kuachwa kwa saa moja.
3. Doa lisuguliwe kwa ganda la ndimu, lisuuzwe na kukaushwa.

Dawa ya klorini isitumike kamwe juu ya kutu. Klorini huoksidisha chuma na kulifanya doa lishike zaidi.

*Chai, kahawa na maganda ya matunda.*
1. Vijiko viwili au vitatu vya soda ya kuokea vichanganywe na maji kidogo hadi viwe rojo zito.
2. Rojo lipakwe juu ya doa na kuachwa kwa dakika 15.
3. Lisuguliwe kwa dodoki. Kwenye chuma cha pua mkono ufuate mistari ya chuma, wala usizunguke, ili mng'ao usipotee.
4. Doa likikataa, huenda limejificha ndani ya chokaa. Sinki lisuuzwe, chokaa iondolewe kwa siki, kisha soda irudiwe.

*Mafuta.*
1. Kijiko kimoja cha magadi kiyeyushwe katika lita moja ya maji ya moto yasiyochemka. Kwa sinki la alumini itumike sabuni badala yake.
2. Sinki lipanguswe kwa maji hayo na kuachwa kwa dakika 5.
3. Lisuuzwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni.

Maji yanayochemka yasimiminwe sinkini, kwa kuwa mabomba ya plastiki hulainika kwa joto kali na viungio vyake huanza kuvuja.

*Bizari ya manjano.* Rangi ya manjano huwashangaza wengi kwa sababu hugeuka kuwa nyekundu inapoguswa na soda au magadi. Hilo si kuharibika kwa sinki. Ni tabia ya rangi hiyo inapokutana na alikali. Doa lioshwe kwa sabuni, kisha lipakwe ndimu. Penye mwanga wa jua, mabaki yake hufifia yenyewe kwa siku chache.

*Doa la kijani la shaba.* Ukwaju uliolowekwa upakwe juu ya doa kwa dakika 10, usuguliwe kwa mswaki na kusuuzwa.

Siki na soda zisichanganywe kwa pamoja

Watu wengi huchanganya siki na soda ya kuokea wakiamini kuwa povu linalotoka ndilo linalosafisha. Povu hilo ni gesi ya kaboni dayoksaidi, ileile inayofanya soda ya chupa ichemke mdomoni. Linaweza kusaidia kubandua uchafu uliolegea kwenye tundu la maji, lakini baada ya sekunde chache tindikali na alikali huwa vimemalizana nguvu, na kinachobaki ni maji yenye chumvi dhaifu.

Njia yenye manufaa ni kuvitumia kwa zamu. Soda itangulie kwa mafuta na rangi, sinki lisuuzwe, kisha siki ifuate kwa chokaa. Aidha, mchanganyiko huo usihifadhiwe ndani ya chupa iliyofungwa, kwa kuwa gesi yake hujaza chupa na inaweza kuipasua.

Tahadhari: klorini na tindikali ni sumu

Dawa ya klorini, yaani ile ya maji inayotumika kufanya nguo ziwe nyeupe na ambayo wengi huiita jiki, ina haipokloriti ya sodiamu. Ikitumika peke yake kwa maelekezo ya kwenye chupa, ina manufaa makubwa katika kuua vimelea. Ikikutana na tindikali lolote, iwe siki, ndimu au dawa ya kusafishia choo, hutoa gesi ya klorini.

Gesi hiyo si jambo la kubeza. Ndiyo iliyotumiwa kama silaha katika uwanja wa vita wa Ypres, nchini Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Ina uzito wa takriban mara mbili na nusu ya hewa, hivyo hutuama chini, mahali ambapo watoto wadogo huvuta pumzi. Huunguza macho, koo na mapafu. Dawa ya klorini ikichanganywa na sabuni za maji zenye amonia, nazo hutoa gesi nyingine ya sumu.

Hatari hii mara nyingi hutokea bila mtu kukusudia. Mama wa nyumbani hupaka klorini asubuhi, doa la chokaa likabaki. Jioni kijana wake humimina siki juu ya sinki lilelile ambalo halikusuuzwa. Kwa hiyo, kanuni zifuatazo zizingatiwe:

- Dawa ya klorini isitumike siku moja na siki, ndimu au ukwaju kwenye sinki lilelile. Iwapo moja imekwisha kutumika, sinki lisuuzwe kwa maji mengi na dawa ya pili iahirishwe hadi siku inayofuata.
- Madirisha na mlango viwe wazi wakati wote wa usafi.
- Dawa zisihamishiwe katika chupa za maji ya kunywa au za soda. Chupa isiyo na lebo ni hatari kwa watoto, na hata mwenye nyumba anaweza kusahau kilichomo.
- Bidhaa yoyote ya kemikali inunuliwe ikiwa na lebo inayotaja kilichomo, namna ya kuitumia na tahadhari zake. Nchini Tanzania, kemikali za viwandani na majumbani husimamiwa kwa Sheria ya mwaka 2003, chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Ikitokea harufu kali ya klorini baada ya dawa mbili kukutana, watu wote watoke nje mara moja na kukaa penye hewa safi. Mtu asirudi ndani kumwaga mchanganyiko au kuokota vitu. Aliyeingiwa na dawa machoni aoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15. Aliyemeza dawa asilazimishwe kutapika. Apelekwe katika kituo cha afya pamoja na chupa ya dawa husika, ili mhudumu ajue alichokunywa. Mwenye kukohoa, kubanwa kifua au kupumua kwa shida apelekwe bila kuchelewa, hata kama anasema amepata nafuu, kwa sababu madhara ya gesi hiyo kwenye mapafu yanaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye. Kwa msaada wa uokoaji nchini Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Kuondoa doa si kuua vimelea

Siki, ndimu na soda husafisha, lakini haviaminiki kuua vimelea vya magonjwa. Sinki lililong'aa linaweza bado kuwa na vimelea, hasa baada ya kuoshewa kuku au nyama mbichi. Kwa matumizi ya kila siku, sabuni na maji safi hufanya kazi kubwa. Panapotokea mlipuko wa kipindupindu au ugonjwa mwingine wa kuhara, maelekezo ya wataalamu wa afya kuhusu matumizi ya klorini yafuatwe, wala siki isichukuliwe kuwa mbadala wake. Katika kipindi hicho, usafi wa madoa kwa tindikali unaweza kusubiri.

Doa linapokuwa taarifa kuhusu maji

Doa linaloondolewa leo na kurudi baada ya siku mbili halitokani na uzembe wa usafi. Chanzo chake kiko kwenye koki, kwenye mabomba au kwenye maji yenyewe.

Koki inayovuja ndiyo chanzo cha kawaida zaidi cha mstari wa chokaa au kutu. Kwa hesabu ya tone la robo mililita kila sekunde, koki moja hupoteza zaidi ya lita 21 kwa siku, ambazo ni zaidi ya ndoo moja ya lita 20. Kubadili mpira wa koki ni kazi ndogo kwa fundi bomba, nayo huondoa doa na kupunguza ankara ya maji kwa wakati mmoja.

Kutu inayoonekana katika koki moja pekee humaanisha kuwa tatizo liko katika kipande cha bomba kinachoielekea. Ikionekana katika koki zote za nyumba, kwanza lichunguzwe tangi na bomba kuu la nyumba. Ikionekana kwa majirani wote, huenda chanzo ni kisima au mtandao wa maji wa eneo hilo. Njia nyepesi ya kupima ni kujaza maji katika chupa safi ya kioo, kuiacha wazi usiku kucha na kutazama asubuhi kama pametuama unga wa kahawia.

Madoa ya buluu au kijani yanayorudi yasipuuzwe. Yanaonesha kuwa shaba inaingia katika maji, na kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 2 kwa lita. Hadi maji yatakapopimwa, inashauriwa kuacha maji yaliyolala bombani yatiririke kwa muda mfupi kila asubuhi kabla ya kuyatumia kwa kunywa au kupikia. Maji hayo ya mwanzo yakingwe kwenye ndoo na kutumika kwa usafi.

Kwa upande wa chokaa, maji magumu si hatari kwa afya kwa sababu ya ugumu huo pekee. Hasara yake ni ya kiuchumi: sabuni nyingi hutumika kwa povu dogo, na birika na vifaa vya kuchemshia maji huhitaji moto zaidi vinapovikwa utando wa chokaa.

Mwananchi anayeona mabadiliko ya ghafla ya rangi, harufu au ladha ya maji anapaswa kutoa taarifa kwa mamlaka ya maji ya eneo lake. Kwa waishio vijijini nchini Tanzania, taarifa hiyo hupelekwa kwa chombo cha watumia maji cha jamii au kwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA). Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji katika mikoa mbalimbali ambako sampuli hupimwa. Taarifa iwe na mambo manne: rangi ya doa, tarehe lilipoanza kuonekana, idadi ya koki zilizoathirika na hali ya maji kwa majirani.

Kuzuia madoa

Doa jepesi kuliko yote ni lile lisilopata nafasi ya kukauka. Sinki likipanguswa kwa kitambaa kikavu kila jioni, chokaa haijengeki na bakteria wa waridi hawapati unyevu. Majani ya chai na mabaki ya chakula yatupwe kwenye chombo cha taka. Mafuta yaliyotumika kupikia yaachwe yapoe, yatiwe katika kopo na kutupwa pamoja na taka, kwa kuwa yakimiminwa sinkini huganda ndani ya bomba na kuziba njia ya majitaka. Makopo, visu vya chuma na waya wa kusugulia visilazwe juu ya sinki lenye maji.

Kwa ufupi, usafi salama wa sinki unafuata mpangilio ufuatao: kutambua doa, kutambua sinki, kuosha kwa sabuni, kutumia kiungo kimoja kwa wakati mmoja, kusuuza kwa maji mengi na kukausha. Tindikali ni kwa chokaa na kutu. Soda na magadi ni kwa mafuta na rangi. Klorini hutumika peke yake. Kila kaya inashauriwa kuhakikisha kuwa kanuni hii ya mwisho inafahamika kwa kila mtu anayeshiriki usafi nyumbani, wakiwamo vijana na wasaidizi wa kazi za ndani.